Wageni Waliomo Mtungini

Ndugu msomaji, ikiwa wateka maji ya Mto Mara au ya malambo ya Tarime na Serengeti, wamo viumbe wadogo wasafirio ndooni hadi nyumbani kwako. Mimina maji katika bilauri, uyatazame kwenye mwanga.

Kijidudu kining'iniacho kichwa chini, kijinyonganyongacho bilauri iguswapo, ni kiluwiluwi cha mbu. Kikilala sambamba na uso wa maji, ni cha anofelesi, mbu aambukizaye malaria. Kwa wiki moja au mbili huwa mbu kamili. Basi funika mtungi, nawe uusugue kila wiki.

Konokono mdogo ni onyo zito zaidi. Baadhi yao hutoa vijidudu vya kichocho, visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mteka maji na ya mtoto aogaye. Kumtupa konokono hakutoshi. Maji yakiwekwa siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa. Hata hivyo, ya kunywa sharti yachemshwe. Mtoto akikojoa au kuharisha damu, mpeleke zahanati bila kukawia.