Makubaliano ya wachezaji katika mchezo wa bao

Makubaliano ya wachezaji ni sheria ambazo watu wanaocheza pamoja huziongeza, huzipunguza au huzibadili kabla ya mchezo kuanza. Hutumika katika karata, drafti, ludo, bao na hata michezo ya kuigiza wahusika. Mara nyingi shabaha yake ni kusawazisha nguvu: kuna kete, shimo au mhusika mwenye uwezo kuliko wengine, na wachezaji wanaona kwamba aliye nacho hushinda kabla mchezo haujakolea.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili linaonekana vizuri katika bao la Kiswahili, kwa kuwa mashimo yake hayalingani uwezo.

Mashimo na nguvu zake

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64 ambazo kwa kawaida ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake na kete 32. Mapigano yote hufanyika katika safu za mbele. Safu ya nyuma ni mahali pa kupitisha na kuhifadhi kete. Mchezaji ambaye safu yake ya mbele imekwisha kete ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa.

Katika safu ya mbele kuna mashimo ya aina tatu zenye nguvu maalumu. Shimo la mwisho kila upande huitwa kichwa, na ndiko kete zilizoliwa huanza kutembezwa. Kimbi ni shimo lililo jirani na kichwa; anayekula hapo, au kwenye kichwa chenyewe, hana hiari bali huanzia kichwa kilicho karibu. Shimo la tatu ni nyumba, la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, ambalo kwenye mbao nyingi huchongwa la mraba.

Nyumba huanza na kete 6, na mashimo mawili yaliyo kulia kwake huwekwa kete 2 kila moja. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi au ghalani, na kuingizwa moja moja katika hatua ya kwanza inayoitwa namua. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, shimo lenye kete la mmoja halikabili shimo lenye kete la mwenzake. Hivyo anayeanza hawezi kula kwa kete yake ya kwanza. Hana budi kutakata, yaani kutembeza kete bila kula. Hapo mpangilio wenyewe umekwisha kumpunguzia faida ya kuanza.

Nguvu ya nyumba ni hiari. Mchezaji aliyekula na ambaye kete yake ya mwisho imeangukia kwenye nyumba yake anaweza kulala, zamu yake ikaishia hapo na akiba ikaongezeka, au anaweza kusafiri, yaani kuzichukua kete zote za nyumba na kuendelea kuzitembeza. Kwenye mashimo mengine hakuna uchaguzi wa namna hiyo.

Nguvu kubwa kiasi hicho ingeharibu mchezo kama isingetozwa gharama. Gharama zake ni tatu. Nyumba ikisafiri mara moja imekufa: likibaki shimo la kawaida halirudi kuwa nyumba, hata likijaa kete 10 baadaye. Pili, mpinzani akiila huchukua akiba yote kwa mkupuo. Tatu, mchezaji anayelazimika kutakata akiwa hana kete nyingine mbele isipokuwa za nyumba, hutoa kete 2 tu na kuziacha zilizobaki. Sheria hii ya tatu huonekana ndogo, lakini ndiyo inayomwezesha mchezaji aliyebanwa asivunje nyumba yake kwa kulazimishwa.

Kubadili sheria moja

Wachezaji wakilalamika kwamba nyumba ina nguvu mno, pendekezo la kwanza huwa ni kuifuta. Kuna namna ya bao isiyo na nyumba tayari: bao la kujifunza. Humo kila shimo huwekwa kete 2, kete zote 64 zinakuwa ubaoni tangu mwanzo, na hakuna hatua ya namua. Mtoto hujifunza kutembeza na kula bila kuchanganyikiwa. Ila bila nyumba hakuna uamuzi wa kulala au kusafiri, na mchezaji mzoefu huona utamu umepungua.

Pendekezo la upande mwingine ni kuruhusu nyumba iliyokufa ifufuke ikifikisha tena kete 6. Linaonekana la huruma, kumbe linamnufaisha aliye mbele, kwa sababu yeye ndiye mwenye kete za kujengea upya. Aliye nyuma alitegemea kwamba mwenzake akisafiri atakuwa amejitoa kinga.

Mbao zinazofanana, sheria tofauti

Katika nyanda za juu za Kigoma makubaliano yana kazi nyingine pia. Nyabibuye, kata iliyokuwa ya wilaya ya Kibondo kabla ya wilaya ya Kakonko kuundwa mwaka 2012, iko karibu na mpaka wa Burundi. Wilaya za Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, katika kambi za Nduta na Nyarugusu. Burundi na Rwanda zina michezo ya jamii ya bao inayotumia ubao wa safu 4 za mashimo 8 na kete 64, ambayo nchini Rwanda huitwa igisoro. Mtu akiutazama ubao atadhani ni mchezo uleule. Sivyo. Katika igisoro hakuna ghala, na mchezaji hula tu pale mashimo yote mawili ya mpinzani, la mbele na la nyuma yake, yana kete; huchukua za mashimo yote mawili. Katika bao la Kiswahili huliwa za mbele peke yake. Aliyezoea moja akikaa na aliyezoea nyingine bila kuulizana, kila mmoja atamwona mwenzake mwizi, na wote wawili watakuwa na haki.

Mfano wa nje

Tatizo la nguvu zisizolingana limejadiliwa sana katika michezo ya kuigiza wahusika, ambako kila mchezaji humwendesha mhusika mmoja na mwendeshaji husimulia yanayotokea. Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilitolewa Marekani mwaka 1974 ikiwa na aina tatu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi wa kutumia mara moja tu kwa siku, lakini akipanda ngazi alimwacha mpiganaji mbali. Watunzi walimtoza gharama: kufika ngazi ya pili mchawi alihitaji pointi 2,500 za uzoefu, mpiganaji 2,000, kasisi 1,500. Toleo la mwaka 2000 liliwapa wote kiwango kimoja cha pointi, na malalamiko kuhusu wachawi yakazidi. Toleo la 2008 liliwapa wahusika wote muundo mmoja wa uwezo. Usawa ukapatikana, lakini wachezaji wengi wakasema wahusika wamefanana. Ni hasara ileile ya bao lisilo na nyumba.

Namna ya kukubaliana

Makubaliano hutajwa kabla ya kete ya kwanza kuwekwa. Sheria ikibadilishwa katikati, hata kama ni nzuri, humwadhibu aliyepanga kete zake kwa kuifuata ile ya zamani. Ni afadhali pia kubadili jambo moja kwa mchezo mmoja. Yakibadilishwa matatu haijulikani lipi limeleta nafuu.

Jambo ambalo husahaulika ni mwendo usiokoma. Zamu moja ya bao inaweza kuzunguka muda mrefu sana, na zipo hali ambamo kete hazifiki kwenye shimo tupu kabisa. Wachezaji huamua mapema kama mwendo wa namna hiyo utahesabiwa kuwa batili, utampa mpinzani ushindi, au utakatishwa baada ya mizunguko kadhaa.