Mwimbaji na Nauli Yake

Mwimbaji wa Injili asiye na msimamizi hujilipia studio, hutafuta mpiga video, hupakia wimbo YouTube mwenyewe. Huko matangazo hayamlipi mpaka chaneli yake ifikishe watu 1,000 waliojiunga. Jumapili tunamwalika, anaimba, tunalia machozi. Kisha tunampa "Mungu akubariki", naye anarudi kwa miguu. (Fundi wa vipaza sauti tumeshamlipa.)

Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta waimbaji wamekimbilia mashambani kwao, maana posho hawakupewa. Soma Nehemia 13:10-11. Hakuwagombeza waimbaji. Aliwagombeza wakuu, kisha akawarudisha watumishi mahali pao.

Mzee wa kanisa, yule aliyetuimbia asubuhi hii amefikaje nyumbani?