Miongozo Imo Ndani ya Kompyuta Yako (Sehemu ya Pili)

Mei 2024 watu wa Mtwara walipata pigo juu ya pigo. Mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, Kilwa; kisha tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Siku kama hizo kijana wa Msimbati aliyekwama na programu ya Linux hudhani hana pa kuuliza. Anapo.

Juma lililopita tulieleza namna ya kuweka programu kwenye Debian na Ubuntu. Wengi hawajui kwamba pakeji ikishawekwa, kwa kawaida huwa imekuja na maelezo yake. Kanuni za Debian zinaitaka kila pakeji iwe na sehemu yake ndani ya /usr/share/doc, walau kwa hati ya hakimiliki. Humo mara nyingi utakuta pia mifano, na faili README.Debian inayoeleza kilichobadilishwa na waandaaji. Faili ikiishia na .gz, ifungue kwa zless.

Hujui pakeji imeleta nini? Andika dpkg -L ukifuatisha jina lake, nayo itakuorodheshea faili zote. Watumiaji wa Fedora wana rpm -qd, inayoonyesha hati peke yake.

Lakini mlango mkuu ni man, amri inayofungua kurasa za mwongozo. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix lilitoka Novemba 1971, na mpangilio wake wa sehemu zenye namba tunautumia hadi leo. Namba hizo zina kazi: man crontab hukueleza amri yenyewe ya kupangia kazi ratiba, ilhali man 5 crontab hukueleza namna ya kuandika mistari ya ratiba ndani ya faili yake. Anayekosa namba husoma ukurasa usio wake, kisha anailaumu Linux.

Chukua rsync, unayoihitaji kunakili kazi zako kwenye flashi. Andika man rsync, bonyeza alama ya mkwaju (/), andika trailing, bonyeza Enter, kisha n kwenda penye neno hilo tena. Utaelezwa kwamba mkwaju mwishoni mwa jina la folda unayonakili hubadilisha matokeo: ukiuweka, yanakwenda yaliyomo tu, usipouweka, inakwenda folda nzima. Alama moja hiyo imevuruga nakala za watu wengi. Ukitaka kutoka, bonyeza q. Na usipokumbuka jina la amri, man -k ikifuatwa na neno la Kiingereza linalohusu kazi hiyo itakutafutia.

Kuna pengo moja la kujihadhari nalo. Miongozo mirefu huwekwa kwenye pakeji za pembeni zenye jina linaloishia na -doc, kama bash-doc na python3-doc. Mwongozo wa gcc hauji na Debian ya kawaida kabisa: masharti ya leseni yake yameufanya uwekwe kwenye hazina ya non-free, ambayo sharti uiruhusu mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mikindani, Kilambo au Msimbati, ukifika mjini penye mtandao mzuri, usimalize bando lote kwa video. Pakua kwanza pakeji za -doc za programu unazozitumia. Nanyi walimu wa kompyuta, mfundisheni mwanafunzi man kabla ya kivinjari.