Kopo la Udongo Nyuma ya Mlango

Sisi tuliozaliwa Lamu tumezoea punda na paka. Mbwa tulimjua kwa mbali, na chuoni mwalimu alitufundisha mapema kwamba akikugusa naye yu majimaji, basi palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hivyo utanielewa nikikwambia moyo ulinidunda siku ile jirani wa binti yangu, mzee wa Kiskoti, alipobisha hodi na mbwa wake wawili wa kuchungia kondoo, akanialika twende pwani.

Hayo yalikuwa mwezi wa Desemba, katika kisiwa cha Lewis, kaskazini magharibi ya Uskoti. Huko wakati huo wa mwaka jua hutoka baada ya saa tatu asubuhi, na ifikapo saa tisa unusu hivi limekwisha kutua. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kama shanga za tasbihi. Nilitaka kukataa, lakini binti yangu akaninong'oneza: "Baba, huyu ndiye aliyenipeleka hospitali usiku ule nilipougua. Tafadhali usimvunje moyo." Nikavaa koti la mvua na viatu vya mpira, nikatoka.

Tulikwenda Braighe, shingo nyembamba ya nchi inayoiunganisha rasi ya Point na kisiwa, bahari huku na huku. Ama upepo! Kusi yetu hapo ni mtoto mdogo. Siku za tufani mawimbi huruka ukuta na barabara hufungwa. Nilitembea nimeinama kama mchukuzi wa boriti, machozi yanitoka, mchanga wanichoma mashavu. Mbwa, wao walikuwa arusini. Walifukuza mapovu ya mawimbi, na wakiitwa kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji, hurudi mbio.

Mzee akaninyoshea kidole upande wa Holm, karibu na bandari ya Stornoway. Hapo, usiku wa kuamkia Januari 1, 1919, meli Iolaire iligonga mwamba ikiwa na mabaharia wanaorudi makwao baada ya vita. Walikuwamo watu 280 hivi. 201 walikufa maji, nao nchi kavu waiona. Wapatao 40 waliokolewa kwa kamba aliyoogelea nayo John F. Macleod hadi ufukoni. Majumbani watu walikuwa wakiwangoja. Kwa miaka mingi wenyeji hawakuweza hata kuutaja msiba huo. Kwa mtu wa pwani, habari kama hiyo haitaki mkalimani. Nami niliwakumbuka jamaa waliotweka tanga wasirudi.

Tungali tumesimama, mbwa mmoja akatoka majini, akaja akajikung'uta ubavuni mwangu. Koti, suruali, mikono, kote maji. Alasiri imeingia zamani na jua liko ukingoni. Mzee hakucheka. Akawaita mbwa, akawaweka upande wake wa pili, akasema turudi upesi.

Tulipofika kwake, alileta ndoo ya maji, kisha akatoa nyuma ya mlango kopo la udongo mkavu. "Hili ni la binti yako," akasema. "Mara saba, sivyo?"

Kumbe alikuwa ameliweka tangu binti yangu alipoanza kumtembelea. Yeye mwenyewe ni mtu wa kushika Jumapili yake; siku hiyo hafanyi kazi, hata nguo haaniki. Aijua thamani ya amri ya dini. Nikaosha, nikabadili nguo, nikaiwahi Alasiri kabla jua halijazama.

Ijumaa yake nilisali katika msikiti mdogo wa Stornoway, nyumba bovu iliyokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2018, wa kwanza katika visiwa vile. Nilikaa kitako nikajihukumu. Chuoni tulifundishwa twahara, hatukufundishwa chuki. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa katika Suratul Kahf, na tumesikia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mzee yule aliiheshimu dini yangu kabla hajanijua. Mimi nilikaribia kumfungia mlango kwa sababu ya wanyama wake.

Sasa nimerudi Lamu, na kila mgeni asiye wa dini yangu anapobisha hodi, najiuliza: je, mimi nimemwekea nini nyuma ya mlango?