Baraza ya Kuota Jua

Kasumbalesa ni mji wa mpakani, kilomita karibu 90 kusini-mashariki ya Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga. Ng'ambo ya mpaka ni nchi ya Zambia. Malori husimama hapo katika safu ndefu, na watu wengi huja kutafuta kazi na biashara. Kwa hiyo nyumba zimeongezeka sana.

Nchi hiyo haina milima mirefu. Ni mgongo mpana wa ardhi, wenye miinuko na mabonde madogo. Maji ya upande mmoja wa mgongo huo huteremkia mto Kongo. Maji ya upande wa pili huteremkia mto Zambezi. Basi nyumba nyingi hazisimami penye tambarare. Zinasimama mtelemkoni.

Baridi ya mwezi wa Juni

Watu wa mbali hudhani ya kuwa Kongo yote ni joto siku zote. Sivyo. Lubumbashi na Kasumbalesa ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili. Kisha huja kiangazi, na katika Juni na Julai usiku huwa na baridi kali, pengine chini ya digrii 10. Upepo huvuma kutoka kusini-mashariki. Asubuhi wazee hutoka na blanketi mabegani, wakatafuta ukuta unaopigwa na jua, wakaketi hapo.

Fikirini baba mmoja mwenye nyumba ya matofali mtelemkoni. Mama yake mzee anakaa naye, na wajukuu humwita nkambo. Kila kiangazi nkambo huteswa na baridi. Mbele ya nyumba pana baraza ndogo, ambayo watu wa Katanga huiita barza: ni mabati machache juu ya nguzo mbili, basi. Baba anataka kuipanua, kuizungushia ukuta mfupi, na kutia vioo juu ya ukuta huo, ili nkambo aote jua bila kupigwa na upepo.

Shauri hilo ni jema. Lakini kazi ikifanywa vibaya, mvua ya kwanza itaibomoa baraza. Tena chumba kilichofungwa vibaya chaweza kuua watu. Angalieni basi jinsi fundi mwenye akili anavyoifanya kazi hii.

Kulitazama jua

Kabla ya kushika jembe, fundi hulitazama jua. Katika Katanga ya kusini, saa sita ya mchana mwezi wa Juni, jua hupita upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba hupita karibu juu ya kichwa, limeinama kidogo tu upande wa kusini. Kwa hiyo baraza inayotazama kaskazini hupata jua jingi wakati wa baridi. Wakati wa joto paa huizuia miali ya jua isiingie ndani. Tena nyumba yenyewe huikinga na ule upepo wa kusini-mashariki.

Kioo nacho kina kazi yake. Mwanga wa jua hupita katika kioo, hupiga sakafu na ukuta, navyo hupata joto. Upepo hauwezi kupita na kulichukua joto hilo. Ndiyo sababu mtu aliyeketi nyuma ya kioo huona joto, hata kama nje majani yanatikisika kwa baridi.

Kuupima mtelemko

Baraza ya baba huyu itakuwa na urefu wa mita 5 na upana wa mita 3. Fundi huchukua mpira mwembamba unaopenya nuru, akautia maji. Ncha moja huiweka mlangoni, na ncha ya pili mahali ukuta mpya utakaposimama. Maji ya ncha zote mbili husimama sawasawa siku zote, hayadanganyi. Kwa njia hiyo fundi anaona ya kuwa ardhi inashuka sentimita 20 kwa kila mita moja. Kwa mita 3 inashuka sentimita 60. Basi sakafu ya baraza, upande wa nje, itakuwa juu ya ardhi kwa sentimita 60, na pengo hilo ni lazima lijazwe.

Udongo wa kujaza ni kiasi gani? Karibu na nyumba kina ni sifuri, upande wa nje ni sentimita 60. Wastani ni sentimita 30. Zidisheni mita 5 kwa mita 3 kwa sentimita 30: jibu ni mita za ujazo 4 na nusu, ndiyo lita 4,500. Ikiwa toroli moja huchukua lita 60, ni safari 75.

Msingi

Fundi mjinga humwaga udongo kwanza, kisha hujenga ukuta juu yake. Udongo uliomwagwa ni laini. Mvua ikinyesha huloa na kushuka, na ukuta hupasuka. Fundi mwenye akili huchimba mpaka apate ardhi ngumu ya asili, hata ikiwa ni kazi ya siku mbili zaidi. Mahali msingi unapofuata mtelemko, huukata kama ngazi, na kila kipandio huwa sawasawa. Msingi ulioinama huteleza kama mtu aliyesimama juu ya ubao uliolala upande.

Matofali hayapatikani mbali. Katika Katanga mna vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wake una mfinyanzi mwingi, nao hufaa sana kwa matofali. Watu huuchimba, huufyatua, hukausha matofali katika jua la kiangazi, kisha huyachoma tanuruni. Lakini mchwa waliojenga kichuguu ndio hao wanaokula mbao. Kwa hiyo nguzo ya mti isiguse udongo. Isimame juu ya matofali na simenti.

Ukuta ukiisha kupanda, udongo wa kujaza hutiwa kidogo kidogo, sentimita 15 kila mara, nao hushindiliwa sana kabla ya kutia mwingine. Ukuta mpya usifungamanishwe na ukuta wa zamani. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia, lakini baraza mpya itashuka kidogo. Fundi huacha nafasi nyembamba katikati, akaiziba kwa kitu laini. Asipofanya hivyo, ufa utajifanyia njia wenyewe.

Maji ya mvua

Adui mkubwa wa nyumba ya mtelemkoni ni maji. Hutoka juu ya mtelemko, na pia hutoka katika paa.

Maji ya juu yazuiwe kabla hayajafika. Nyuma ya nyumba fundi huchimba mfereji wa kukata mtelemko, ulioinama kidogo, ili maji yapite kando. Lakini yasipelekwe katika kiwanja cha jirani. Mtu anayeokoa nyumba yake kwa kubomoa ya mwenziwe hajajenga kitu. Tena chini ya ukuta wa nje fundi huacha matundu madogo, kila baada ya mita moja, na nyuma ya kila tundu huweka changarawe. Maji yaliyoingia ndani ya udongo hutokea hapo. Yakikosa njia, udongo huwa mzito, huusukuma ukuta, na mwisho huuangusha.

Na maji ya paa je? Mvua ya Lubumbashi kwa mwaka ni milimita karibu 1,200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la baraza hii ni mita za mraba 15, basi kwa mwaka hupokea lita 18,000. Hayo ni mapipa 90 ya lita 200! Yakianguka yote mahali pamoja, karibu na msingi, yatachimba shimo. Kwa hiyo mabati, ambayo wengi huko huyaita malata, hutiwa mfereji, na maji hupelekwa katika pipa. Mama naye atafulia.

Paa jipya huingizwa chini ya ukingo wa paa la zamani, maji yasipenye katikati. Ukingo huo uko mita 2 na sentimita 50 juu ya sakafu. Paa jipya linashuka sentimita 10 kwa kila mita. Kwa mita 3 ni sentimita 30. Upande wa nje utabaki na kimo cha mita 2 na sentimita 20. Mtu mrefu atapita bila kujigonga.

Hewa

Kazi inakaribia kwisha. Baba anasema, "Fundi, ziba matundu yote. Sitaki hata upepo mdogo umguse mama."

Fundi anajibu, "Hapana, baba. Nikiziba yote, nitakuwa nimemjengea mama kaburi."

Kwa nini anasema hivyo? Katika baridi ya Juni watu wengi huwasha makala katika mbabula na kuiingiza ndani. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala haina harufu. Mtu aliye katika chumba kilichofungwa huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kutaka kutapika, kisha hulala usingizi asiamke tena. Hata makala mekundu yasiyo na moshi yana sumu hiyo.

Kwa hiyo fundi huacha matundu ya hewa chini na juu ya ukuta, naye huweka madirisha yanayofunguka. Hufanya hivyo pia kwa sababu dirisha la chumba cha kulala, lililokuwa likitazama nje, sasa linatazama ndani ya baraza. Lakini matundu hayo hayatoshi kuifanya mbabula iwe salama. Mbabula ikae nje siku zote. Baraza ina moto wake: ni jua.

Kazi hii huanzwa mwezi wa Mei, mvua zikiisha, baada ya kupata ruhusa ya kujenga. Ni lazima iishe kabla ya Novemba. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo mkaguzi. Ikipita, na ukuta hauna ufa, na sakafu ni kavu, baba atajua ya kuwa fedha yake haikupotea. Na Juni ijayo, nkambo ataketi nyuma ya kioo, na mjukuu kando yake akisoma kitabu kwa nuru ya asubuhi.

Maswali

1. Kwa nini baraza hii inatazama kaskazini?
2. Mtelemko ukishuka sentimita 25 kwa kila mita, sakafu ya upana wa mita 4 itakuwa juu ya ardhi kwa kiasi gani upande wa nje?
3. Matundu ya chini ya ukuta yana kazi gani? Na matundu ya hewa je?
4. Mtu ameingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Mtamwambia nini?
5. Pimeni paa la darasa lenu. Kwa mwaka wenye mvua ya milimita 1,200, lingepokea lita ngapi?