Kiu ya Mimea na Kipimajoto

Walimao mchicha katika bonde la Msimbazi, na wale wa kando ya mto Kizinga huko Temeke, hunywesha vitalu vyao asubuhi na jioni. Ukiwauliza kitalu chataka maji kiasi gani, wengi hushika udongo na kutazama majani. Njia hiyo si mbaya. Lakini achukuaye maji kwa kichwa kutoka mbali, au ayanunuaye, apenda kujua hesabu. Maana akizidisha amejichosha bure, na akipunguza mchicha hunyauka kabla haujafika sokoni.

Maji hayo huenda wapi? Machache sana hubaki ndani ya mmea. Mengi hupanda kutoka mizizini yakatoka majanini kuwa mvuke, na mengine hukauka udongoni. Yavutwa na vitu vinne: jua, joto, ukavu wa hewa, na upepo. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu chenye hesabu ya vitu hivyo vyote. Hesabu hiyo ni bora, ila yataka vyombo vingi.

Basi, afanyeje mwenye kipimajoto tu? Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, George Hargreaves na Zohrab Samani, walionyesha njia fupi. Mbingu ikiwa nyeupe, jua huchoma mchana, na usiku joto hupaa upesi. Kwa hiyo tofauti ya mchana na alfajiri huwa kubwa. Mawingu yakitanda ni kama blanketi: mchana huzuia jua, usiku huzuia joto lisitoke, na tofauti huwa ndogo. Ndivyo kipimajoto kinavyotupa habari za jua tusilolipima.

Tuseme siku moja ya Februari, hapa Dar es Salaam, joto la juu ni nyuzi 32 na la chini 23. Wastani ni 27.5, ongeza 17.8, upate 45.3. Tofauti ni 9. Namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 9 ni 3. Zidisha 45.3 kwa 3, kisha kwa 0.0023, kisha kwa nguvu ya jua la mwezi huo, ambayo husomwa katika jedwali. Kwetu ni kama 15.7. Jibu ni karibu milimita 5. Milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Basi kitalu cha mita mraba 10 chataka lita 50 kwa siku, yaani madebe mawili na nusu ya lita 20. Mvua ikinyesha, ipunguze. Tena hicho ni kipimo cha nyasi fupi: miche michanga yataka pungufu, na mahindi yatoayo mbelewele yataka zaidi.

Lakini angalia sana. Namba ile 0.0023 ilitokana na nyasi zilizopimwa Davis, California, penye kiangazi kikavu. Katika nchi zenye hewa ya unyevu, kama pwani yetu, mara nyingi hudai maji kupita haja. Penye ukavu na upepo mwingi, kama Dodoma, huweza kudai machache mno. Dawa yake ni kufanya hesabu zote mbili kwa muda mahali penye vyombo kamili, kuzilinganisha, na kuirekebisha namba hiyo kwa ajili ya mashamba ya jirani yasiyo na chombo ila kipimajoto.