TUWAFUNZE WADOGO ZETU KUSIKILIZA NA KUULIZA

Nia yangu katika makala haya ni kukueleza jinsi ya kumsaidia mtoto mdogo, yaani yule wa nasari hadi Gredi ya Tatu, ajue kuwasikiliza wenzake na kuuliza maswali katika mazungumzo. Usiseme ati hiyo ni kazi ya walimu. Sisi tusomao shule za kutwa hurudi nyumbani kila jioni, na hao watoto ndio tunaowakuta mlangoni. Ndugu zetu wa mabweni huwaona wakati wa likizo tu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mzazi akisema, "Mtoto huyu hasikii," hana maana kwamba masikio yake yameziba. Ana maana kwamba hatii. Hata ile methali ya asiyesikia la mkuu ni hivyo hivyo, kusikia ni kutii. Lakini kusikiliza ni jambo jingine kabisa. Anayesikiliza huyapokea maneno ya mwenziwe, huyapima, na akiona pengo huuliza. Kwa hivyo mtoto aweza kuwa mtiifu, ametulia kama maji mtungini, na asiwe amesikiliza hata neno moja. Si unajua darasani mwalimu anapouliza, "Mmeelewa?" Wote huitikia, "Ndiyooo!" Hata yule aliyekuwa akichora gari kwenye dawati naye ameelewa!

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa katika madarasa ya chini kote nchini mwaka wa 2019, umeweka Kusikiliza na Kuzungumza mwanzoni mwa stadi za Kiswahili. Vizuri sana. Lakini stadi haiji kwa kuandikwa kitabuni, huja kwa kutumiwa.

Wako watakaosema mtoto wa maswali mengi hana adabu. Mimi sikubali. Mtoto aliyezoea kuambiwa "Nyamaza!" kila afunguapo kinywa hujifunza kwamba neno la mkubwa haliulizwi. Basi siku moja mtu asiyemjua atamkuta njiani na kumwambia, "Twende, mama yako amenituma," naye atamfuata kwa adabu zile zile. Aliyezoea kuuliza atasimama na kusema, "Mama yangu anaitwa nani?" Swali kama hilo laweza kumwokoa.

Sasa tuanzie wapi? Tuanze na vitendawili, maana viko tayari na havinunuliwi. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Hapo lazima mtoto atege sikio, kwa kuwa neno moja likimpita, jibu nalo limempita. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, akapewa Mombasa au Kisumu, ndipo atoe jibu. Unaona mafunzo yaliyomo? Kuna zamu, kuna kungoja, na kushindwa si aibu, ni kutoa mji tu. Hata hivyo kitendawili kina upungufu mmoja: hufunza kubahatisha zaidi kuliko kuuliza.

Kwa sababu hiyo chama chetu kilipowatembelea watoto wa Gredi ya Pili, tuliugeuza mchezo. Tulificha kitu ndani ya mfuko, tukawaambia waulize maswali ambayo sisi tungejibu kwa ndiyo au la. Lo! Walianza kwa fujo. "Ni kalamu?" "Ni mpira?" "Ni ndizi?" Huko kote ni kubahatisha. Tukaweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kutaja jina la kitu mpaka maswali matano yapite. Ya pili, anayerudia swali lililokwisha kuulizwa hupoteza zamu. Pakawa kimya. Kisha msichana mmoja akauliza, "Kinaliwa?" La. "Kinatumiwa jikoni?" Ndiyo. "Kinaingia ndani ya sufuria?" Ndiyo. Maswali yakaanza kushikana, kila moja likizaliwa na jibu lililotangulia. Kabla ya muda mrefu waliufikia mwiko. Hiyo sheria ya pili ilifanya kazi kuliko kusema "Sikilizeni!" mara mia.

Kwa mazungumzo yenyewe tafuta gunzi la hindi. Anayelishika ndiye asemaye, wengine wangoje. Waulize jambo lisilo na jibu moja, kwa mfano, je, Sungura alifanya vizuri kumdanganya Fisi? Na kabla mtoto hajatoa maoni yake, aseme kwanza aliyemtangulia amesema nini. Mwanzoni watacheka na kusahau. Usiwakaripie.

Nawe mkubwa, jifunze kungoja. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alichunguza masomo ya sayansi madarasani, na katika miaka ya 1970 akaonyesha kwamba walimu wengi wakiuliza swali hungoja kama sekunde 1 tu, kisha hulijibu wenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine. Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto wenyewe wakauliza maswali zaidi. Sekunde 3 tu, bwana! Jaribu kuzihesabu moyoni. Utaziona ndefu kama safari ya Lodwar.

Je, ukiulizwa usilolijua? Mdogo wangu wa miaka sita aliniuliza kwa nini mwezi hutufuata tunapotembea. Badala ya kumwambia, "Utajua ukikua," nilimtuma aende upande wa jikoni, nami nikaenda upande wa lango. Kila mmoja akadai mwezi umemfuata yeye. Akakunja uso, akafikiri. Kesho yake nikamletea jibu la mwalimu wetu wa fizikia: mwezi uko mbali mno, kama kilomita 384,000, kwa hivyo hatua zetu chache haziwezi kubadilisha upande tunakouona. Mti wa jirani uko karibu, ndiyo sababu tunaupita na kuuacha nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na Mlima Kenya je? Mbona nao hutufuata tukiwa ndani ya matatu?"